Goti la Nahodha

Msimu ulikwisha Jumamosi, na Jumatatu asubuhi Subilaga Mwaisumo alikuwa ofisini kwake Tukuyu, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua, anatazama majina ishirini na matano yaliyowaka ukutani. Yeye alikuwa katibu wa usajili wa Nyota ya Rungwe, na klabu yake ilikuwa imeburuza mkia wa Ligi ya Wanawake kwa mara ya pili mfululizo. Ikiburuza mara ya tatu, nafasi yake ingehamishiwa mji mwingine. Kanuni ndivyo ilivyosema, na mwaka jana watu wa Singida waliondokewa na timu yao hivyo hivyo.

Majina sita kati ya yale ishirini na matano yalikuwa na alama ya uzi pembeni.

"Karani," alisema, "nisomee la nahodha."

Karani ilikuwa sauti ya Ligi. Haikuwa na mwili. Ilikaa katika ofisi za klabu zote kumi na nne kwa wakati mmoja, na kila mahali ilizungumza kwa upole uleule.

"Tusekile Mwakalinga, beki wa kati, miaka thelathini na minne. Mechi tisa msimu uliopita. Seti ya nyuzi namba nne, goti la kulia, mwaka wa sita. Unambakiza au unamwacha?"

"Nikimwacha?"

"Nyuzi zitatolewa ndani ya siku kumi na nne. Seti itakuwa huru kwa mchezaji mwingine."

"Na goti lenyewe?"

"Goti halimo katika kanuni, Katibu."

Mlango ulifunguliwa, akaingia Kocha Zuhura Mbwana, mtandio wake umelowa. Alikuwa mwenyeji wa Pangani, na kwa miaka mitatu aliyokaa Tukuyu hakuacha kulalamikia baridi. Alivuta kiti karibu na jiko dogo la umeme.

"Mama Katibu, nimetoka kwa kamati. Wamekubali. Sisi tulioshika mkia ndio wa kwanza kuchagua mchezaji mpya Siku ya Uteuzi, na tunamchagua Gati."

"Gati hana kisigino, Kocha."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Tukimpa nyuzi atakuwa nacho. Klabu nyingine zote zimesema hazina seti ya kumpa. Sisi tunayo, iko kwa mtu anayemaliza mpira." Aliteremsha sauti. "Nampenda Tusekile. Wewe unajua. Lakini mwakani huenda hatuna timu ya kumpenda ndani yake."

Subilaga alitazama tena majina ukutani. Alijua kocha hasemi uongo.

Nyuzi zile hazikuwa za kushonea. Zilikuzwa katika maabara ya Ligi ndani ya maji ya uvuguvugu, kila moja nyembamba kama utando wa buibui, na zikishawekwa mwilini zilikula joto la mwili, zikakaza na kulegea pamoja na kano. Seti moja ilikuwa na nyuzi arobaini. Ligi iliruhusu kila klabu seti sita tu, ili wenye uwezo wasije wakajaza kikosi kizima. Uzi haukuchoka upesi: ukitolewa mguu huu na kuoshwa, uliweza kutiwa mguu mwingine, ukafanya kazi miaka mingine kumi. Taabu ilibaki kwa mguu ulioachwa. Misuli iliyozoea kusaidiwa haikujua tena kusimama yenyewe. Subilaga alikuwa amewaona wachezaji watatu waliotolewa nyuzi. Wote walitembelea magongo.

"Nipe wiki moja," alimwambia kocha.

*

Gari la klabu, ambalo halikuwa na dereva, lilifika mwisho wa lami huko Kyimo likasimama. "Njia ya mbele ina utelezi," likasema, na halikutaka kubembelezwa. Subilaga alishuka, akavua viatu, akapanda kwa miguu.

Tusekile alikuwa juu katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko mkali ambao mashine za kuchumia hazikuuweza, kwa hiyo lilichumwa kwa mkono kama zamani. Alipomwona mgeni alianza kushuka. Alishuka kiubavu, mguu wa kulia umetangulia, wala hakutazama chini.

"Nilikuwa nangoja nione," alisema alipofika, "utakuja mwenyewe au utatuma barua."

"Nimekuja."

"Basi karibu ndani. Unalowa."

Jikoni kulikuwa na moto. Tusekile alipakua ndizi za kuchemsha, akaanza kumenya parachichi kwa kisu kidogo. Watoto wake wawili walikuwa shuleni, mumewe kazini kiwandani. Nyumba ilikuwa kimya.

"Sema," alisema.

"Wanataka seti yako. Kuna msichana wa Tarime, miaka kumi na tisa. Gati Nyamhanga. Kano ya kisigino ilikatika akiwa kituo cha vijana. Bila nyuzi hachezi tena."

"Ni mzuri?"

"Nilimwona mara mbili kabla hajaumia. Ni mzuri kuliko mimi na wewe tukijumlishwa."

Tusekile alicheka kidogo. "Kutujumlisha mimi na wewe si kazi kubwa. Wewe ulikuwa unakimbia kama mtu anayetafuta kandambili zake."

Walikuwa wamecheza pamoja misimu saba, Subilaga pembeni kushoto na Tusekile katikati, kabla Subilaga hajahamia ofisini. Sasa walikula bila haraka. Subilaga aliona nyuma ya mlango fimbo mpya iliyomenywa gome, imeegemezwa ukutani.

"Ile ya nani?"

"Yangu. Niliichonga Machi, nilipoona kocha haniangalii tena mazoezini." Tusekile alifuta kisu. "Nimeijaribu. Nililifunga goti kwa khanga lisikunjike, nikaingia shambani. Kupanda ninaweza. Kushuka siwezi. Nilikaa juu kule mpaka baba Lusajo aliporudi akaniteremsha."

Subilaga aliweka kijiko chini.

"Siku ile hospitalini," Tusekile aliendelea, "uliniambia nyuzi ni zangu."

"Nakumbuka."

"Ulikuwa umesoma mkataba?"

Mvua ilikuwa imeongezeka juu ya bati. Subilaga angeweza kusema hakuusoma wote. Watu wengi wangesema hivyo, na Tusekile asingeendelea kuuliza.

"Nilikuwa nimeusoma," alisema. "Wote. Nilijua nyuzi ni za Ligi. Niliogopa utakataa, na tulikuwa tumebakiza mechi sita."

Tusekile alimalizia parachichi, akampa nusu yenye nyama nene. "Asante kwa kusema. Nilikasirika mwaka wa tatu, nilipousoma mwenyewe. Sasa imekwisha."

"Nifanye nini, Tuse?"

"Usiniulize mimi. Kazi ni yako. Ukiniuliza mimi nitasema zichukueni, kwa sababu najua ndivyo watu wanavyotaka nahodha aseme. Kisha wewe utalala vizuri, na mimi nitakaa juu ya shamba namngoja mume wangu."

Wakati wa kuagana alimsindikiza mpaka kwenye lami, akamfungia majani ya chai kwenye karatasi. Njia nzima ya kurudi Subilaga aliyapakata.

*

Gati alifika Alhamisi, na basi la Mbeya. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zimekatwa karibu na ngozi, gongo chini ya kwapa la kulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Kanuni iliwataka wampime kabla ya Siku ya Uteuzi. Kabla ya kwenda kwa daktari, Kocha Zuhura alimtaka uwanjani japo kidogo. Haikuwa lazima. Msichana hakuweza kukimbia hata hatua mbili. Kocha alimsimamisha kwenye duara la katikati, akawapanga wachezaji sita sehemu mbalimbali, akamrushia mpira. Gati aliegemea gongo na kupiga kwa mguu wa kushoto. Mpira ulipita juu ya nyasi zilizolowa, ukamfikia mchezaji wa pembeni kabisa mguuni. Akapiga mwingine, na mwingine. Safari moja kipa, mmoja wa wale sita, alihama bila kuambiwa, na mpira ukaenda alikohamia.

Kocha alisimama na mikono nyuma. Subilaga, aliyemjua, aliona ameacha kutetemeka kwa baridi.

Chini ya jukwaa, wakingoja daktari, Subilaga alikaa kwenye benchi karibu na msichana. Ligi ilikataza mchezaji kuambiwa seti yake inatoka kwa nani. Walisema ni kwa ajili ya amani ya moyo.

"Gati, kuna jambo hukuambiwa. Hizo nyuzi ziko ndani ya mtu sasa hivi. Ni nahodha wetu. Tukikupa wewe, yeye atatembelea gongo."

Gati alitazama gongo lake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Ana watoto?"

"Wawili."

"Analima?"

"Chai. Kwenye mteremko."

Msichana alivuta pumzi. "Mama, mimi nikisema sizitaki nitakuwa nakudanganya. Nazitaka. Kwetu tuko wanane, na mimi peke yangu ndiye niliyetoka kwa ajili ya mpira. Nikirudi na gongo hili nitakuwa mzigo mpaka nizeeke." Alikwangua tope kwenye kiatu. "Lakini afadhali umeniambia. Ningejua tu. Mtu hujua."

Daktari wa timu aliitwa Ipyana Mwaipopo, mtu wa maneno machache. Alimlaza Gati mezani, akapitisha kipimo juu ya kisigino. Picha ya mguu ikaning'inia hewani juu yao, kano iliyokatika ikionekana kama kamba ya katani iliyofumuka mwisho.

"Arobaini zitamtosha," alisema daktari. "Zitampa kasi yake ya zamani na zaidi."

"Daktari," Gati aliuliza akiwa amelala, "mtu akiwa anatembea tu, zote arobaini zinafanya kazi?"

"Hapana. Kutembea kunatumia chache. Nyingi zinaamka mtu akikimbia."

"Chache ni ngapi?"

Daktari alishusha kipimo. Alimgeukia Subilaga. "Sijui," alisema. "Hakuna aliyewahi kuuliza. Seti huingizwa nzima na kutolewa nzima."

*

Jioni ile daktari alimwita Tusekile zahanati, akamtembeza sakafuni akihesabu nyuzi zilizokuwa macho. Zilikuwa kumi na nne. Subilaga alirudi ofisini na idadi ile, akafunga mlango.

"Karani, kanuni inasema seti lazima ikae kwa mtu mmoja?"

"Kanuni ya thelathini na moja inasema klabu isizidishe seti sita. Haisemi seti ikae kwa nani."

"Kwa hiyo watu wawili wanaweza kugawana?"

Karani ilirudia kwanza kusoma kanuni, jambo ambalo haikuwa na mazoea nalo. "Hakuna kinachokataza. Lakini kila mwenye uzi wa Ligi mwilini lazima awe mchezaji aliyesajiliwa wa klabu hiyo. Nahodha wako akibaki na hata uzi mmoja, anashika nafasi moja kati ya ishirini na tano."

"Kwa muda gani?"

"Kwa muda wote ambao uzi uko mwilini."

Subilaga alitazama ukuta. Hakukuwa na safu ya ishirini na sita.

*

Kocha Zuhura alisikiliza shauri la kugawana seti mpaka mwisho, akiwa amesimama zahanati mlangoni. Ndani walikuwa Daktari Ipyana, Tusekile kwenye kiti, na Gati ukingoni mwa kitanda. Wachezaji hao wawili walikuwa wameamkiana dakika chache zilizopita na bado walitazamana kwa haya.

"Ngoja nielewe," alisema kocha. "Mimi nilitaka winga. Mnanipa nini?"

"Akiwa na ishirini na sita," alisema daktari, "atakimbia dakika tisini, atageuka, atapiga. Kasi ya winga hatakuwa nayo."

"Kwa hiyo mnanipa kiungo. Na nilikuwa na watu ishirini na watano, mnanipa ishirini na wanne. Mwaka huu na mwaka kesho na kila mwaka, mpaka Tusekile afe."

"Ndiyo," alisema Subilaga.

Kocha alimgeukia Tusekile. "Samahani, nahodha, si kwa ubaya. Bibi yako alifariki na miaka mingapi?"

"Mzaa baba au mzaa mama?"

"Aliyeishi zaidi."

"Tisini na sita."

Kocha alifumba macho. Gati aliinamisha kichwa, mabega yakimcheza, na Subilaga akatambua kwamba msichana anajizuia kucheka.

"Mimi bado sijakubali," alisema Tusekile.

Wote wakamtazama.

"Daktari amenihesabia kwenye vigae vya zahanati. Hapa ni tambarare. Kwangu hakuna hata hatua kumi za tambarare. Na mgongoni nina kikapu. Kumi na nne si hesabu yangu."

Daktari alikuna kidevu. Kisha akatoka, akawaongoza wote nyuma ya zahanati ambako kulikuwa na kilima kidogo chenye nyasi, akamtwisha Tusekile begi la mipira mgongoni. Tusekile alipanda, akashuka kiubavu. Daktari alitazama kipimo.

"Kumi na sita," alisema. "Mara moja ilifika kumi na saba, alipoteleza."

"Kumi na sita zinanitosha. Kuteleza nitajiangalia mwenyewe." Tusekile alitua begi, akamgeukia Gati. "Wewe zitakubakia ishirini na nne. Usinikubalie kwa sababu mimi ni mkubwa. Mguu ni wako. Ukikubali leo ukaja kujuta mwakani, tutachukiana, na tutakuwa timu moja."

Gati aliangalia kilima, akaangalia mguu wake. Tangu ana miaka saba, mpira kwake ulikuwa ni kumpita mtu mbio na kusikia pumzi zake zinabaki nyuma.

"Sitawapita tena," alisema.

"Hutawapita," alisema daktari.

"Hata kidogo?"

"Wazee utawapita."

Msichana alitabasamu bila kutaka. Kisha machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Kocha Zuhura ndiye aliyemsogelea. Alimshika bega kwa mkono wake wa baridi.

"Juzi uwanjani," alisema, "yule kipa alipohama. Ulijuaje atahama?"

"Alitazama kule kwanza."

"Nimefundisha miaka ishirini na mbili. Mbio nimeziona nyingi. Hilo nimeliona kwa watu wawili." Kocha alimeza mate, kama mtu anayekunywa dawa. "Nipe kiungo wangu, daktari. Na ishirini na wanne wangu."

Gati alifuta uso kwa kiganja. "Ishirini na nne nimekubali," alisema. "Si kwa ajili ya ukubwa wako, dada. Nimekubali tu."

*

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeumia, na Subilaga hakujificha. Ili Gati aingie na Tusekile abaki, jina moja lilipaswa kutoka. Likatoka la Yusta Kayombo, kipa wa tatu, ambaye kwa misimu minne alikuwa amekaa benchi bila kucheza hata dakika moja na hakukosa mazoezi hata siku moja. Subilaga alimwambia mwenyewe, ana kwa ana. Yusta alisikiliza, akauliza ni kosa gani alilofanya, akaambiwa hakuna. Alikusanya glavu zake, akaondoka. Baadaye alipata timu ya daraja la pili Songea. Subilaga alimwandikia mara mbili. Hakujibiwa, na hakumlaumu.

Siku ya Uteuzi ilifanyika Dodoma, makatibu wote kumi na wanne kwenye ukumbi mmoja, kwa zamu, kuanzia aliyeshika mkia. Subilaga alisimama wa kwanza. Alimtaja Gati Nyamhanga, na watu wakapiga makofi ya adabu, kwa sababu walilitarajia. Kisha akasoma mgawanyo wa seti namba nne, na makofi yakakatika. Katibu mmoja nyuma alicheka kwa sauti. Mwingine, mama mtu mzima wa klabu ya Bukoba, hakucheka. Alichukua kalamu akaandika kitu.

Upasuaji ulifanywa asubuhi moja. Daktari Ipyana alivuta nyuzi ishirini na nne kutoka kwenye goti, moja baada ya nyingine, akaziosha, akazitia kwenye kisigino cha Gati. Wagonjwa walilazwa chumba kimoja kwa sababu zahanati ilikuwa na kimoja tu. Siku ya sita Gati aliruhusiwa kusimama. Aliweka gongo kando, akapiga hatua, na badala ya kwenda mbele akaenda upande, mguu wa kulia umetangulia, magoti yamekunjwa kidogo, kama mtu mwenye kikapu anayeogopa utelezi.

Kutoka kitanda cha pili Tusekile aliinuka kwa kiwiko. "Huyo ananiiga."

"Siigi," alisema Gati, akiendelea kwenda upande mpaka akagonga ukuta. "Mguu wenyewe unakwenda hivi."

Daktari alieleza kwamba uzi hukaa na mwendo wa mwenyewe wa zamani wiki mbili tatu, kisha husahau. Hakuna aliyemsikiliza. Tusekile alikuwa anacheka mpaka anashika mshono, na Gati, mgongo ukutani, naye akaanza kucheka, na muuguzi akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

*

Mechi ya kwanza ya msimu Gati alinyang'anywa mpira mara nne, kila mara akijaribu kumpita mtu mbio. Jukwaani watu waliguna. Mechi ya pili alinyang'anywa mara mbili. Mechi ya tano, dhidi ya Bukoba, alisimama katikati ya uwanja kama siku ile ya gongo, akatazama anayetazama wapi, akapeleka mipira miwili iliyozaa mabao mawili. Hakukuwa na beki aliyeachwa nyuma akihema. Baadhi ya siku, baada ya mazoezi, Subilaga alimkuta amekaa peke yake kando ya mstari anawaangalia mawinga wanaoshindana mbio. Hakumsemesha. Mambo mengine mtu huachwa akae nayo.

Tusekile, kwa kuwa alikuwa mchezaji aliyesajiliwa, alikuwa na haki ya kukaa benchi, na aliitumia kila mechi ya nyumbani. Alikuja moja kwa moja kutoka shambani, akavaa jezi juu ya blauzi, akakaa karibu na kocha. Alizungumza na mabeki kwa mikono. Kocha mwanzoni alijifanya haoni. Kufikia katikati ya msimu alikuwa anamsogezea blanketi lake.

Nyota ya Rungwe walimaliza wa kumi na moja kati ya kumi na nne. Hawakupewa kombe. Waliopewa walikuwa mbali sana juu yao. Lakini Tukuyu watu walitembea barabarani kwa ngoma siku mbili, maana timu yao ilikuwa bado ni yao.

Jumatatu iliyofuata Subilaga alikuwa ofisini. Karani ilimsalimu.

"Klabu nne zimeuliza juu ya kugawana seti," ilisema. "Bukoba wamekwisha kufanya. Ligi inafikiria kuandika kanuni."

"Ya kukataza au ya kuruhusu?"

"Bado hawajui. Wameniomba nikuulize wewe ungeandikaje."

Subilaga alikuwa bado anafikiria jibu Kocha Zuhura alipoingia, mtandio umelowa, karatasi mkononi. Kocha alikuwa mtu wa karatasi. Hakuamini kuta zinazowaka.

"Kikosi changu cha mwakani," alisema. "Nimemwacha mmoja, nataka winga. Safari hii winga mzima, mwenye visigino viwili vyake mwenyewe."

Subilaga alipokea karatasi. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi ule wa nafasi moja, na alikuwa na maneno tayari. Alihesabu majina. Yalikuwa ishirini na manne, na nafasi moja wazi kwa winga. La nne kutoka juu, kwa mwandiko wa kocha mwenyewe, lilikuwa la Tusekile Mwakalinga. Mbele ya kila jina kocha alikuwa ameandika mahali mtu anapocheza, na mbele ya hilo pia alikuwa ameandika.

"Kocha, hapa umeandika beki wa kati."

"Ndiyo."

"Tusekile?"

Kocha alivuta kiti karibu na jiko, akanyoosha mikono juu ya joto lake.

"Kwani ameacha lini?" alisema.